Sarafu Yenye Herufi T

Watu wanaokusanya sarafu kuukuu hudhaniwa kuwa watafutaji wa mali iliyofichwa. Dhana hiyo haiwasemi wote kwa haki, wala haiwasingizii wote. Mwalimu mmoja mstaafu wa Magoma amedhaniwa hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na kwa kuwa hakuona haja ya kujitetea, dhana imemganda kama ulimbo wa fenesi. Siku ya gulio huketi kando ya wauza ndizi na maharage, daftari pajani, na kila mwenye sarafu isiyonunua kitu dukani humwendea. Hununua kwa konzi. Konzi moja ina bei moja, iwe na kitu au isiwe nacho, na kanuni hiyo yeye mwenyewe aliitunga akaiona kuwa ya haki.

Magoma imo katika bonde la Lwengera, wilaya ya Korogwe, kati ya Usambara ya mashariki na Usambara ya magharibi. Ni nchi ya mkonge, na mkonge ulileta watu. Wenyeji ni Wasambaa na jirani zao Wazigua na Wabondei, lakini katika kambi za mashamba walikaa Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Warundi na Wamakonde, waliokuja kwa mkataba na kuitwa manamba kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba. Kila mtu alikuja na kibindo chake, na katika vibindo mlikuwa na sarafu. Kwa hiyo anayetaka kusoma habari za fedha za Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali na gulio la Magoma, mradi awe na macho na subira.

Elimu ya kazi hii huanza katika maneno. Pesa ni neno lililotoka Bara Hindi, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ililikuta hapa likitumika. Toka mwaka 1890 kampuni hiyo ilitoa pesa zake za shaba, tai upande mmoja, maandishi ya Kiarabu upande wa pili pamoja na mwaka wa Hijra: 1307, 1308 au 1309. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilikuwa imeshika mambo ya sarafu mkononi mwake, ikaleta heller, mia moja kwa rupia, na ndimi zetu zikaifanya hela. Heller yenyewe iliitwa hivyo kwa mji wa Hall huko Ujerumani. Mchukuzi wa stesheni ya Korogwe anayeapa kwamba hana hela hutaja mji ambao hajapata kuusikia.

Baada ya maneno huja herufi ndogo, na hapo ndipo wengi huchoka. Chini ya mwaka wa hela ya kawaida huwa na A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilileta florini mwaka 1920 na kuibadili upesi kwa shilingi ya mwaka 1921. Sarafu zake nyingine zina H au KN za wafua sarafu wa Birmingham, nyingine SA za Pretoria. Senti 10 yenye tundu ya mwaka 1936 ina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu mwezi wa Desemba mwaka huo kabla ya kuvikwa taji. Hakutawala hata mwaka mzima, lakini jina lake lilizungushwa shingoni mwa watoto wa Magoma kwa kamba, kwa kuwa tundu lilifaa hirizi. Na senti 10 ya mwaka 1964 haina jina la mfalme yeyote. Nchi zilikuwa zimepata uhuru, sarafu zake zikiwa bado hazijafuliwa, ikabidi tundu lile lile litumike bila mwenyewe.

Mambo haya humpa mwalimu raha ambayo hawezi kuieleza kwa jirani. Jirani hutaka kusikia habari nyingine. Zaidi ya mara moja vijana wamemletea rupia ya fedha, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili katika kofia yake ya vita, wakauliza kwa sauti ya chini kama ni ile inayovuta mchele, au ile yenye zebaki ndani. Rupia ile ina uzito wa gramu 11 na kitu, karibu yote fedha, iliyobaki shaba. Haivuti mchele. Inachovuta ni wajinga na matapeli, ambao hukutana juu yake mara kwa mara, na kila wakutanapo kuna mtu anayeuza ng'ombe.

Lakini mtu anayewacheka wadanganyifu hana budi kujitazama. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja alimletea sarafu kubwa ya rupia 2. Sarafu hizo zilifuliwa mwaka 1893 na 1894 tu, na mwalimu aliijua pale pale. Alilipa kwa kanuni ya konzi. Mnunuzi wa Dar es Salaam alitoa bei iliyotosha kuezeka nyumba nzima kwa bati. Kijana akahamia mjini asionekane tena, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumdai. Hata hivyo mvua ya masika inapopiga bati lile usiku, mwalimu huisikia zaidi kuliko wenziwe wa nyumbani.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku alipokuja bibi mmoja mwenye kopo la mafuta ya kupikia. Mlikuwa na konzi tatu. Bibi alipokea malipo yake, akayafunga katika ncha ya kanga, akaenda zake kununua daftari za mjukuu.

Usiku mwalimu alizimwaga juu ya meza chini ya taa. Mjukuu wake mwenyewe alishika limau na majivu, tayari kuzing'arisha, akakemewa. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza ngozi yake, na ngozi ndiyo umri. Senti za tundu zilikuwa nyingi, hela za A na J chache. Mwishoni ikabaki moja iliyochongwa vibaya, nene upande mmoja, taji juu yake, herufi D.O.A., mwaka 1916, na chini kabisa T.

Hiyo ni sarafu ya Tabora. Vita vilipofunga bahari, Wajerumani walikosa sarafu, wakazifua katika karakana ya reli pale Tabora. Za dhahabu zenye tembo mbele ya mlima, za rupia 15, zilitokana na mgodi wa Sekenke, nazo zilikuwa 16,198. Za hela 5 na 20 zilikuwa za mtu wa kawaida, za shaba, na maganda ya risasi yaliingia tanuruni. Mihuri ilichongwa kwa mkono, na mkono haurudii kazi yake sawasawa. Kwa hiyo katika hela 20 kuna taji kubwa na kuna taji dogo. Katika neno HELLER kuna L zenye mguu uliopinda ncha na kuna L zenye mguu uliochongoka. Ziko za shaba ya manjano, na ziko chache zaidi za shaba nyekundu. Mwalimu alitazama kwa lenzi taji kwanza, kisha L ya kwanza, kisha ya pili, akageuza, akatazama tena. Ilikuwa nyekundu, na taji lake lilikutana na L ambazo hajapata kuziona pamoja katika shaba nyekundu kwa miaka yote ya daftari lake.

Furaha yake ilidumu mpaka alipokumbuka kopo. Bei ya sarafu hii haikuwa bei ya bati. Ilitosha viatu, sare na sanduku la mtoto wa shule, basi. Lakini ilizidi mara nyingi konzi zote tatu.

Palikuwa na jambo la pili lililomkosesha usingizi, nalo lilikuwa la elimu. Waingereza waliiteka Korogwe mwezi wa Juni 1916, na Tabora ilibaki kwa Wajerumani mpaka Septemba, ilipoangukia mikononi mwa Wabelgiji. Reli ya Tanga na reli ya Kati hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963. Sarafu hii basi haikufika Magoma kwa biashara ya siku zake. Ililetwa na mtu, na mtu huyo hayumo katika daftari lolote.

Asubuhi alikwenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kurudisha kopo?"

"Nimekuja kuuliza hii ilikotoka."

Bibi hakuitazama. Aliipitisha chini ya kidole gumba. "Ya baba," alisema. Baba yake alitoka Unyanyembe. Wakati wa vita alichukuliwa kubeba mizigo, akalipwa sarafu hizo; baadaye, wakati wa Waingereza, akaja kwenye mkonge akiwa manamba. Alipofika, duka liliikataa. Akairudisha kibindoni. "Alikuwa akisema, hela haifi, hulala tu."

Mwalimu alimshika kidole, akakiweka juu ya herufi ya chini. "Hii ni T, bibi. Ni Tabora."

Bibi alikaa kimya kitambo. "Kumbe kwao kumeandikwa humu," alisema, "nami nikawapa watoto waichezee."

Ndipo mwalimu alipomwambia bei, yote, bila kuificha. Alikuwa pia amechukua kifuko cha kitambaa, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akishajua jambo kama hilo atataka kuiweka sarafu ya baba yake. Wakusanyaji hupenda kuwaza hivyo juu ya watu wengine, hasa watu wasio na viatu vya kuwanunulia wajukuu wao.

"Nikiiweka nani ataisoma?" bibi aliuliza. "Mtoto anaingia kidato cha kwanza mwezi ujao. Baba alisema imelala. Basi, mwalimu, iamshe."

Picha ilikwenda Dar es Salaam kwa simu. Mnunuzi alijibu kwamba ukingo umegongwa, kwamba shaba imekula unyevu, kwamba wateja siku hizi ni wachache. Mwalimu alizijua sentensi hizo moja moja, kwa kuwa zilikuwa zake. Alishikilia bei kwa siku nne, akaipata. Fedha aliipeleka kwa bibi kama ilivyokuja. Bibi alihesabu, akatoa noti moja ya shilingi 5,000, akamsukumia. Mwalimu alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akapokea, maana kukataa mara mbili kungekuwa kumtukana.

Kabla ya kuituma sarafu aliweka karatasi juu yake na kuisugua kwa penseli. Taji likatokea, kisha mwaka, kisha T, hafifu kidogo. Daftari lake lilikuwa na safu nne siku zote: thamani, mwaka, herufi, madini. Alipiga mstari akafanya safu ya tano, akaandika humo kwa mwandiko wake wa ubaoni: mchukuzi wa Unyanyembe, baadaye manamba, Magoma, duka liliikataa, ilikaa kibindoni, kisha koponi.

Toka siku hiyo amekuwa akirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, na siku za gulio huwauliza wauzaji wake wa zamani mambo ambayo hakuwauliza mwanzo. Baadhi hukumbuka, wengi hawakumbuki. Rupia 2 ya mwaka 1893 iko katika ukurasa wa kumi na moja. Safu yake ya tano ingali tupu.