Barabara ya Muleba katika somo la kompyuta

Sisi tunaofundisha kompyuta seminarini huwapima vijana wetu kwa neno moja la mtihani: "linganisha". Wengi huandika faida za topolojia ya basi, kisha faida za nyota, wakaweka kalamu chini. Wameeleza vitu viwili, kulinganisha bado. Linalotuuma zaidi ni kwamba kijana wa Bukoba mjini huja amezoea kompyuta, na mwenzake wa kijiji cha ndani huko Muleba huigusa kwa mara ya kwanza hapa kwetu. Huyu huona aibu kuuliza, basi hukariri.

Kwa hiyo tunaanza na barabara. Toka Bukoba, pita Kemondo na Muhutwe, hadi Muleba: njia moja, na vituo vyote vimeshikamana nayo. Hiyo ndiyo basi. Ikikatika baada ya Muhutwe je? Hapo kijana wa Muleba ndiye anayenyoosha mkono: "Mwalimu, unapandia Kamachumu, unatokea Muleba." Amekwisha kutuingiza kwenye pete, na wa mjini wanamsikiliza.

Mfano huu una mpaka wake, nasi tunausema. Barabara ikikatika, watu wa Bukoba na Kemondo bado wanatembeleana. Kebo ya basi ikikatika, ishara hugonga ncha iliyo wazi na kurudi nyuma, ikavuruga hata upande ulio mzima. Ndiyo maana ncha zake mbili hufungwa vizuizi.

Nyota haituchukui muda. Kebo moja ikifa, kompyuta moja inakosa mawasiliano. Swichi ikifa, zote zinanyamaza. Kwa miaka mingi umeme wetu wa Bukoba na Muleba ulitoka Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka, na laini ile ikipata hitilafu tulikaa gizani wote. Aliyesomea kwa kibatari haelezwi mara mbili hatari ya kutegemea mahali pamoja.

Kwenye mesh, ambako kila kompyuta huunganishwa na kila nyingine, tunawaachia wahesabu wenyewe kwa nukta na mistari. Kompyuta 10 zinataka kebo 45. Kompyuta 20 zinataka 190, na hapo darasa hucheka, kwa maana wanamfahamu padre mhazini.

Mti ndio huleta ubishi: jimbo, parokia, kigango, jumuiya ndogo ndogo. Tuliuliza, tawi likikatika kutoka shinani, linakufa? Nusu ya darasa wakasema ndiyo. Kijana mmoja, mkimya kwa kawaida, akasimama: "Mwalimu, mvua ikifunga njia, jumuiya yetu inasali rozari bila paroko. Ila Misa hatupati."

Tukampa alama zote, kisha tukamwomba aandike hivyo hivyo kuhusu kompyuta: zipi bado zinasemezana zenyewe kwa zenyewe, na nini haziwezi tena kukipata.