Siku Kiswahili Kitakaponitoka

Wanangu mnaoanza kazi katika nyumba za wazee,

Nawaandikia kutoka barazani kwangu Muheza, wakati macho bado yanaona mstari na mkono bado unanitii. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 38, na 11 ya mwisho niliimalizia katika nyumba ya wazee wasio na jamaa. Jambo ninalotaka kuwaachia ni hili: uzee hauumi. Kinachouma ni ugonjwa, na maumivu yana dawa hata pale ugonjwa usipopona.

Mkoa wetu wa Tanga ulijengwa na mkonge, na mkonge ulikatwa na manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka Urundi, Msumbiji na pembe za mbali za nchi. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960, wengi hawakuwa na nauli wala pa kurudi. Walizeekea hapa, na baadhi yao ndio tuliowapokea.

Mmoja wao simsahau. Kumbukumbu zilipoanza kumpotea, Kiswahili ndicho kilichotangulia kuondoka, akabaki na Kirundi cha utoto wake. Kila alfajiri tukimgeuza kumwosha alikunja uso, akang'ang'ania ukingo wa kitanda, akarudia neno lile lile. Kwenye faili niliandika kwamba anaweweseka. Nikampa panadoli, nikasema ni uzee. Ikapita miezi mitatu. Siku moja mama auzaye mihogo getini alipita karibu na dirisha, akasimama. “Anasema nyonga, dada. Anasema nyonga yake inawaka moto.” Alipopimwa, saratani ya tezi dume ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa. Miezi mitatu ile ni deni langu.

Kwa hiyo mkimhudumia asiyeweza kujieleza, usomeni mwili wake. Ngumi iliyokazwa, chakula kilichoachwa, kelele wakati wa kuoshwa, ukimya wa ghafla wa mtu aliyekuwa mcheshi: hayo yote ni maneno. Halafu mtafuteni mtu anayejua lugha yake, hata kama ni muuza mihogo.

Huduma hii inaitwa tiba shufaa. Wengi hudhani ni ya siku ya kufa, kumbe inapasa kuanza siku ugonjwa unapojulikana. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alikuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, na alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yamo mwilini, moyoni, katika watu wake na katika imani yake. Kwetu Afrika Mashariki, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na pale unga wa mofini ukachanganywa na maji, ukawa dawa ya kunywa ambayo hata maskini aliweza kuipata kijijini.

Msiiogope mofini. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba dawa za maumivu ya saratani zitolewe kwa mdomo, kwa saa na kwa ngazi. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi. Mzee huanzishiwa kiasi kidogo, na kama figo zake ni dhaifu daktari aelezwe mapema. Dawa ya kulainisha choo iende nayo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mofini hufunga choo. Mtaambiwa mzee atakuwa teja. Yule mzee wangu alipopewa kipimo sahihi, alichokipata ni usingizi, na asubuhi akaomba uji.

Siku za mwisho zikifika, msimlazimishe kula. Mwili unaoaga hauhitaji sahani. Lowesheni pamba kwa maji, mlainishe midomo. Koo likianza kukoroma, mlazeni ubavu. Na msimkimbize hospitali usiku wa manane akafie kwenye benchi la mapokezi, ikiwa mlishamuuliza naye akasema anataka kubaki kwenye kitanda chake. Muulizeni akili zake zikiwepo: nani aitwe, aombewe dua au sala gani, azikwe wapi. Yaandikeni.

Kuna desturi moja naomba muikomeshe. Mzee akifariki usiku, mwili ulikuwa ukitolewa kwa mlango wa nyuma, na alfajiri wenzake wakakuta godoro tupu bila kuambiwa lolote. Wale waliolala chumba kimoja naye miaka sita ni wafiwa. Waambieni. Wapeni pole. Anayeweza kutembea apelekwe makaburini, asiyeweza apewe nafasi ya kumuaga mwenzake, na jeneza lipite mlango wa mbele.

Mimi sasa nina miaka 74, na mume wangu ametangulia. Huenda nami nikaletwa kwenu. Lugha niliyonyonya kwa mama yangu ni Kibondei. Siku Kiswahili kitakaponitoka, tafadhalini mtafuteni Mbondei mmoja, aniulize panaponiuma ni wapi.