Nyanya Zetu wa Majengo

Nyanya aliyenilea Pumwani hakumzaa mama yangu. Alikuwa Mkikuyu wa Kiambu, akaja Nairobi msichana, akasilimu katika kijiji cha Mombasa, kimojawapo cha vijiji vya Waafrika vilivyobomolewa Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Manispaa ilikata viwanja, wenyeji wakajijengea. Ardhi ilibaki ya manispaa. Mali ya mtu ilikuwa kuta za udongo na paa la madebe yaliyokunjuliwa.

Nyanya alisimamisha nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Miongoni mwa wenye nyumba wa Majengo, mtaa wetu wa Pumwani, walikuwamo wanawake wengi kama yeye, Wakikuyu, Wakamba, Wanandi, waliotoka makwao bila urithi, kwani mashamba yalikuwa ya wanaume. Uislamu uliwapa ndugu. Asiye na mtoto alichukua binti, akamlea katika dini, na alipofumba macho nyumba ikawa ya yule binti. Ndivyo mama alivyoipata yetu.

Aprili 24, 1954, Ramadhani ikikaribia, tuliamka tumezingirwa na askari. Waingereza waliiita Anvil operesheni ile ya kuwasaka Mau Mau. Wapangaji wetu Wakikuyu walitolewa vyumbani, wakachutamishwa barabarani mikono kichwani, kisha wakapakiwa kwenye malori. Nyanya alisimama mlangoni, funguo amezifunga pindoni mwa kanga, akimwita kila mmoja kwa jina lake, kwa sauti, majirani wapate kujua nani amechukuliwa. Vyumba vyao hakuvipangisha. Mwezi ulipoandama, wake zao waliobaki, Wakristo, walipelekewa futari kila magharibi.

Urithi wa Eastlands, upande huu wa mashariki wa Nairobi, ukitajwa, hutajwa Ukumbi wa Kaloleni, ambako Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili Aprili 1950. Ni haki yake. Lakini nyumba za Majengo zinaondoka moja moja, maghorofa yanashika nafasi, na waliozijenga hawana hata kibao cha jina. Msikiti wa Riyadha bado umejaa kila Ijumaa. Katika safu zile wamo wajukuu wa wanawake hao.

Nawaomba wajukuu: ulizeni, muandike. Nani alijenga, alitoka wapi, alimlea nani, alimwachia nani. Mkoloni alimhesabu Mwafrika kuwa mpita njia Nairobi, aje kazini, kisha arudi kwao. Nyanya zetu walimkatalia kwa kujenga, kurithishana na kuzikana papa hapa.