Njia ya Malindi kwa Mwendo wa Pole

Mwisho wa demani, pepo za kusi zikiisha nguvu na za kaskazi zikiwa bado hazijashika, bahari yetu ya Pwani hutulia kama maji ya mtungini. Majira hayo mabaharia huyaita maleleji, nayo ni mazuri hata kwa msafiri wa nchi kavu, kwa kuwa jua halijawa kali. Katika siku hizo nalimchukua mjomba wangu, mzee aliyepita miaka 80, tukatoka Mombasa kwenda Malindi kwa motokaa. Njia hiyo ni kilometa 120 hivi, na dereva mwenye haraka huimaliza asubuhi moja. Sisi tuliondoka alfajiri, tukafika jioni.

Sababu ya kwenda pole ni hii. Mjomba ana ugonjwa wa macho upunguzao nuru kidogo kidogo pasipo maumivu, na daktari alikwisha kutuambia kwamba nuru iliyopotea hairudi. Katika ujana wake alikuwa utingo wa lori katika njia hiyo. Akaniambia, "Mpwa wangu, nipeleke niione tena kabla haijanifungia mlango."

Tulipovuka daraja la Mtwapa alinitaka nisimame kando. Zamani hapakuwa na daraja pale. Motokaa zilipakiwa katika pantoni, nayo ilivutwa kwa mnyororo na watu waliokuwa wakiimba. Wasafiri walingoja zamu, na katika kungoja huko walinunua madafu, wakaulizana habari za mvua na bei ya korosho. Karibu na hapo yako magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14, ambao kuta zake za mawe ya matumbawe zimesimama ufukoni. Nimepita njia hiyo mara nyingi kwa kazi za ofisi, wala sikuwa nimeukanyaga mji huo hata siku moja.

Tukaendelea. Kila mara mjomba alinitangulia kwa maneno. "Sasa itakuja mistari ya mkonge," alisema, na mara tukaingia katika mashamba ya Vipingo. Nilianza kuona haya, kwa maana yeye mwenye macho mabovu aliijua njia, nami mwenye macho mazima naliifahamu lami tu.

Kilifi hatukulivuka upesi daraja lile kubwa lililofunguliwa mwaka wa 1991. Tuliteremka kwanza hata kwenye kivuko cha zamani, chini ya magofu ya Mnarani. Maji ya hori yalikuwa ya samawati, shwari kabisa. Mjomba alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Lile jeupe ni tanga, au ni mwangaza wa maji?"

"Ni tanga, mjomba."

"Basi nimeliona," akasema, akaketi juu ya jiwe.

Mbele ya Kilifi, upande wa kushoto, huanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilometa za mraba 420 hivi. Wakulima wasomao habari hizi watapenda kujua kwamba tangu mwaka wa 1993 majirani wa msitu huo hulea viwavi wa vipepeo, nao huwauza ng'ambo wakisha kuwa mabundo, kabla hawajawa vipepeo. Hivyo msitu huwaletea fedha ungali umesimama.

Gede tuliingia adhuhuri. Lipo kaburi pale lenye tarehe ya mwaka wa 1399, na jumba la mfalme, na msikiti mkubwa. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na wataalamu hutaja kupungua kwa maji ya visima kuwa mojawapo ya sababu. Mjomba aliinama kisimani, akatupa kijiwe, akasikiliza. Hakikulia maji. "Watu wa hapa nao," akasema, "yawezekana walidhani wangali na siku nyingi."

Malindi tulifika jua likishuka nyuma yetu. Tulisimama penye nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika mji huo mwaka wa 1498. Mjomba aliona weupe wa nguzo. Mawimbi aliyasikia tu. Nalimweleza rangi ya bahari, naye akanisahihisha mara mbili kwa kuikumbuka.

Wasomaji, nina mambo mawili ya kuwaambia. La kwanza, aliyefika miaka 40 akapimwe macho, ajapokuwa haoni taabu yoyote; mjomba alichelewa. La pili, kama yuko kwenu mzee aliyetembea njia mnayopita kila siku, mchukueni siku moja, mwende naye pole. Wakati wa kurudi Mombasa nalisimama Vipingo kwa hiari yangu, bila kuambiwa na mtu. Mjomba alikuwa amelala, nami nikatazama mkonge.