Kijivu Kipi, Bwana?

Yako maombi tunayoona haya kuyapeleka mbele za Mungu. Tunamwomba uponyaji, ada za shule na amani ya nchi, lakini rangi ya ukuta? Hata hivyo sisi, mume na mke, tuliomba kwa ajili ya rangi mbili za kijivu. Chumba kilikuwa cha mama yetu, aliyekuwa akihamia kwetu kutoka kijijini. Presha ya macho ilikuwa imekula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na uwezo uliopotea kwa ugonjwa huo haurudi.

Dukani rangi hizo zilikaribiana sana. Fundi akapaka moja kushoto kwa mlango, nyingine kulia, tuzitazame asubuhi, adhuhuri na usiku kwa taa, maana kijivu hubadilika kwa mwanga. Ya kwanza ilikuwa imepauka na kuelekea buluu. Ya pili ilikuwa nzito kidogo, yenye ukahawia ndani yake. Mmoja wetu aliipenda ya kwanza, mwingine ya pili. Tuliomba siku tatu. Hakuna sauti iliyoshuka.

Siku ya kliniki tukampitisha Mama nyumbani, tukamsimamisha katikati ya chumba. Hakusema ipi inapendeza. Aliuliza tu, "Wanangu, mbona mlango huu una ukingo mmoja?"

Tukaelewa. Upande wa rangi iliyopauka, fremu nyeupe ilimezwa na ukuta. Upande wa pili ilijitokeza, naye akaifuata hadi akaishika.

Katika Warumi 14, Mtume Paulo anazungumzia vyakula na siku, mambo ambayo waamini walitofautiana. Anamwachia kila mmoja afuate dhamiri yake, lakini anauwekea uhuru huo mpaka: ndugu asikwazwe. Kwetu neno hilo lilipata miguu. Swali letu lilikuwa ipi nzuri. Swali la upendo lilikuwa nani atajikwaa.

Tunaamini Mungu alijibu, na jibu lake lilikuja kwa kinywa cha yule ambaye chumba kilikuwa chake. Huenda mengi tunayoyaombea kwa muda mrefu yanangoja tumuulize mhusika.

Siku hizi Mama huamka usiku, akafuata fremu, akaenda msalani bila kumwita mtu. Tukiwa kitandani tunasikia hatua zake, tunashukuru.