Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Niliunda programu ndogo ya kukagua vina. Hutazama herufi mbili za mwisho wa kila mshororo. Zikilingana, kina kimetimia. Katika kompyuta yangu ya Linux haikukosea. Nikampa kijana mmoja aitumie katika Windows yake. Ikalipitisha shairi lake, nami nikamsifu bila kulisoma. Alipolighani mbele ya watu, minong'ono ikaanza: -na imekaa na -ma, -ta na -ka. Lilikuwa guni.

Chanzo kilikuwa kidogo. Linux humaliza mstari kwa alama moja isiyoonekana, Windows kwa mbili. Alama ile ya ziada ilihesabiwa kuwa herufi, ikabaki irabu tu ya kulinganishwa.

Nikaazimia kwamba kila badiliko lijaribiwe na mashine yenyewe katika Linux, Windows na macOS. Fedha za kompyuta tatu sikuwa nazo. Nilihitaji moja iwe mwenyeji, mifumo mingine ikae ndani yake kama wageni. Masharti ya Apple huruhusu macOS iendeshwe katika mashine za Apple pekee, ilhali Windows na Linux hukaribishwa kwingi. Kwa hiyo nikanunua Mac kuukuu yenye prosesa ya Intel, itakayoweza kuwapokea wote.

Mgeni Windows alipoingia, jaribio la kwanza likalifichua kosa lile. Nikalirekebisha, kisha nikamwendea kijana kumwomba radhi. Siku hizi mashairi yake tunayasikiliza kwanza, ndipo tunaiuliza mashine.