Siki, Ndimu na Ukuta wa Chokaa

Siku hizi mteja haji na maneno, anakuja na simu. Ananionesha picha ya bafu la Marrakech: ukuta unang'aa, hauna kiungo, rangi yake ya udongo uliochomwa. "Fundi, nataka hivi hivi." Mimi nami namuuliza, "Bibie, ukuta wako wa nini? Wa mawe au wa matofali ya saruji?" Wengine hudhani nakwepa kazi.

Sikwepi. Rangi inakuja mwisho. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, na kuta zake hufika unene wa nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji. Huyapandisha kutoka chini ya msingi, huyapokea kwenye mvua za masika, kisha jua likitoka huyatoa nje taratibu. Lipu ya chokaa huyaruhusu yapite. Lipu ya saruji huyafungia ndani, na maji yaliyofungiwa hayakai kimya: yanatafuta njia kwingine, yanabeba chumvi, yanageuza udongo wa katikati kuwa unga, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaanza kuoza. Kwa nje utaona ukuta mzuri, umenyooka. Ugonge kwa kifundo cha kidole usikie unavyolia. Ukilia mtupu, lipu imeshaachana na jiwe. Mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na bado mikokoteni ya saruji inapita vichochoroni kila asubuhi.

Kwenye nyumba ya matofali ya saruji chokaa inakubali pia, ila kwa masharti. Ukuta uwe mkavu, uwe na ukwaruzo wa kushikia, na rangi yote ya zamani iondoke. Kujua kama rangi ipo, tupia matone machache ya maji. Yakinywewa, sawa. Yakiteremka yalivyo, chukua kikwaruzo uanze kazi.

Ukishajua ukuta, sasa tuzungumze urembo. Walio wengi wanatosheka na chokaa ya kupaka, ile nyepesi mithili ya maziwa, mikono mitatu au minne juu ya ukuta uliolowanishwa. Ukiwa unaipaka utaona kama hujapaka kitu. Weupe unakuja inapokauka. Ni rahisi, inapoza macho, na kila mwaka kabla ya Ramadhani unaweza kuirudia mwenyewe. Mimi ningemshauri hivyo kila mwenye nyumba ambaye hana sababu ya kutaka zaidi, ingawa kazi hiyo hainipi fedha nyingi.

Kuna nakshi. Kwenye nyumba za kale za Lamu utaona vidaka vimepangwa safu juu ya safu, lipu ikiwa imechongwa kabla haijakomaa. Kidichi, Unguja, kwenye bafu lililojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Sultani Seyyid Said, kuna ndege na maua ya lipu ukutani. Kazi hiyo haina haraka, na fundi anayeijua hakai bila kazi. Akikuambia ataanza kesho, muulize mara mbili.

Halafu ile ya Marrakech, wanayoiita tadelakt. Siri zake ni mbili: chokaa ya huko, na sabuni. Fundi huisugua lipu kwa jiwe laini la mtoni wakati bado ina unyevu, kisha huipaka sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni. Sabuni ile na chokaa vikikutana vinafanya kitu kisichoyeyuka majini, na ndiyo sababu maji yanateleza juu ya ukuta bila kuingia. Kwa chokaa yetu unaweza kufika karibu na hapo, usidanganywe kuwa ni ileile. Na bafu liwe na dirisha.

Chokaa yenyewe ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi. Jiwe huchomwa kwenye tanuu kwa moto wa nyuzi 900 hivi, likitoka huzimwa kwa maji. Hapo linachemka lenyewe, mvuke unapanda, matone yanaruka; vaa miwani, na litie jiwe kwenye maji, usimwagie jiwe maji. Baada ya hapo chokaa inatakiwa ikae chini ya maji, miezi ikiwezekana, ndipo ianze kazi. Omba fundi akuoneshe pipa lake. Chovya mwiko, uvute: chokaa iliyokaa vya kutosha inashikilia chuma laini, haina chembe, ukiisugua baina ya vidole husikii mchanga. Chokaa ya haraka haraka ina vijiwe ambavyo havijazimika. Vitakaa ndani ya lipu, vinywe unyevu, vivimbe, na miezi baadaye utaona vishimo vidogo ukutani, kila kimoja na doa jeupe katikati. Hapo watu huilaumu mpaka rangi.

Mchanga usiwe wa pwani wala ulioguswa na maji ya bahari. Chumvi itarudi juu maisha yote. Kiasi chetu cha kawaida ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na kila mkono usizidi sentimita moja. Lipu nene hupasuka. Baada ya kupaka, ukuta unatunzwa unyevu kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu chokaa haikauki tu. Inavuta hewa ya ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe, na ikikaushwa na feni au jua la mchana inabaki unga. Rangi iwe ya udongo au ya kutu ya chuma, maana zipo rangi ambazo chokaa inazila. Itapauka ikikauka, kwa hiyo omba fundi apake kipande, msubiri kikauke ndipo uamue.

Kuitunza ni kuzuia zaidi kuliko kusafisha. Vumbi likiwepo, brashi kavu laini. Doa likiwepo, kitambaa chenye maji na sabuni ya kawaida, basi. Siki, ndimu na dawa za choo ziwe mbali kabisa: ni tindikali, zinaila chokaa, na ukuta uliosuguliwa kwa siki utabaki na alama isiyofutika. Jikoni karibu na jiko la mafuta, mimi huweka vigae. Wanaopenda urembo hawapendi kusikia hilo, lakini mafuta ya samaki wa kukaanga yakishaingia hayatoki.

Unga mweupe ukitokea sehemu ya chini ni chumvi: ufute mkavu, usiuoshe, kwa maana maji yatauyeyusha na kuurudisha ndani. Ukungu mweusi ni dalili, na dawa yake iko nje ya ukuta. Tazama mfereji wa paa, bomba linalovuja, au mrija wa kiyoyozi unaodondosha maji usiku kucha juu ya ukuta ule ule. Huo wa kiyoyozi ndio niliouona mara nyingi zaidi. Usipake rangi ya mafuta wala rangi ya plastiki juu ya ukungu ili uufiche.

Ukuta wa chokaa ukipasuka mahali, unatiwa kiraka cha chokaa ileile. Kwa hiyo fundi akimaliza, mwambie akuachie ndoo ya ile iliyobaki, yenye rangi ya ukuta wako, pamoja na maji kidogo juu yake na kifuniko kinachobana. Andika kwenye ndoo ni chumba gani. Chini ya maji haikomai, na mwaka wa kumi bado inafaa.